Hewa Inapita Wapi? Namna ya Kuvaa Maski Ili Izibe Vizuri



Katika nyumba nyingi za huku kwetu Asembo bado kuna maski zilizobaki tangu wakati wa korona. Nyingine zinaning'inia msumarini nyuma ya mlango, nyingine ziko ndani ya begi la kwenda sokoni. Siku zikivaliwa, wengi wetu huzivaa vile tulivyozoea wakati ule: pua iko nje, au mashavu yote mawili yako wazi. Askari akionekana maski inapanda juu. Askari akishapita inarudi kidevuni.

Si ajabu, kwa sababu tulifundishwa kuvaa maski kwa kuogopa faini. Kanuni za Aprili 2020 zilisema asiyevaa mahali pa umma atatozwa hadi shilingi 20,000 au kufungwa hadi miezi 6. Faini ilielezwa vizuri sana. Lakini namna ya kuifanya maski ikae usoni bila kuacha mwanya, hiyo ni wachache waliofundishwa.

Na sisi wa ukanda wa ziwa tunakumbuka Juni 2021. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo aina ya kirusi iliyoonekana kwanza India ilikuwa imepatikana Kisumu. Tarehe 17 Juni serikali ikaweka masharti makali katika kaunti 13, Siaya, Kisumu na Homa Bay zikiwamo: kafyu kuanzia saa moja jioni, maziko ndani ya saa 72, waombolezaji wasizidi 50. Kila mmoja wetu anajua uchungu wa kumzika mtu wake mbiombio namna ile, na jamaa hawajafika. Wakati huo maski zilikuwa kila mahali: sokoni, kwenye matatu za Ndori na Bondo, kwenye feri ya Luanda Kotieno. Nyingi zilikuwa zimevaliwa ovyo.

Sasa mtauliza: mambo ya korona si yamekwisha? Ni kweli, amri ya kuvaa maski mahali pa wazi iliondolewa Machi 2022, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imemalizika. Lakini TB ilikuwepo kabla ya korona na bado ipo. Kenya imo katika orodha ya shirika hilo ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB duniani. Karibu kila kikundi kina mtu anayetembelea wagonjwa, au anayelala nyumba moja na mtu anayekohoa. Makala hii ni ya huyo.

Jambo lenyewe ni moja. Maski inakusaidia ikiwa hewa unayovuta inapita ndani ya kitambaa chake. Hewa ikipita pembeni, umevaa maski lakini unavuta hewa ileile ya chumbani.

NETI NA MASKI

Asembo tunajua habari za kinga kuliko sehemu nyingi. Kati ya 1996 na 1999 watafiti wa KEMRI pamoja na CDC ya Marekani walifanya utafiti mkubwa wa neti zilizotiwa dawa hapa Asembo na jirani zetu wa Gem. Matokeo yaliyochapishwa 2003 yalionyesha kwamba neti hizo zinapunguza vifo vya watoto wadogo. Na kila mama aliyepewa neti aliambiwa jambo hili: ichomeke chini ya godoro pande zote. Neti inaweza kuwa mpya, haina hata tundu moja, lakini ukiacha upande mmoja unaning'inia, mbu anaingia kwa chini na kulala nawe.

Maski ni vivyo hivyo. Hewa ni kama maji, hupita pale penye njia rahisi. Kupita ndani ya kitambaa cha maski ni kazi kidogo kwa hewa, lakini kupita kwenye mwanya ulio kando ya pua si kazi hata kidogo. Kwa hiyo mwanya mwembamba ambao hata kidole hakiingii unaweza kupitisha sehemu kubwa ya pumzi yako. Wavuvi watanielewa upesi. Boti lenye mbao nzuri haliingizi maji kwenye mbao zenyewe, huingiza pale mbao mbili zinapokutana, kama hapakuzibwa sawasawa.

VIJIDUDU VINASAFIRI VIPI

Mtu akikohoa, akipiga chafya, akiimba au hata akiongea, hutoa matone ya kila ukubwa. Makubwa huanguka chini karibu naye. Madogo sana hukauka na kubaki yakielea hewani kama vumbi unaloliona mwali wa jua unapoingia dirishani. Chembe zinazobeba TB huwa na ukubwa wa mikroni 1 hadi 5 hivi. Mikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Huwezi kuziona, na ndani ya chumba kilichofungwa zinaweza kukaa hewani kwa masaa, hata mgonjwa akiwa ameshatoka.

Hapa tusichanganye mambo. TB haiambukizwi kwa sahani, kikombe, kitanda wala kusalimiana kwa mkono. Inaambukizwa kwa hewa. Mnaomtengea mgonjwa kikombe chake na huku mnalala naye chumba kimoja madirisha yamefungwa, mmefunga mlango usio na mwizi.

MASKI MBILI, KAZI MBILI

Ya kwanza ni maski ya kawaida ya hospitali, ile ya mikunjo, ya buluu au kijani upande mmoja na nyeupe upande wa pili. Ilianza kama maski ya upasuaji, ili mate ya daktari yasiangukie kidonda cha mgonjwa. Kazi yake kubwa ni kuzuia kinachotoka kwa aliyeivaa. Humkinga pia mvaaji kwa kiasi fulani, lakini kwa umbo lake haikati uso pande zote. Huacha mwanya mashavuni na kando ya pua.

Ya pili ni N95, ile ngumu kidogo yenye umbo la bakuli au mdomo wa bata, na kamba mbili za kuzungusha kichwani. Hii imetengenezwa kumkinga anayeivaa. Kitambaa chake hupimwa kuhakikisha kinazuia angalau 95 kati ya kila chembe 100 ndogo sana. Kinafanya hivyo si kwa kubana nyuzi tu, bali pia kwa sababu nyuzi zake zina umeme kidogo unaonasa chembe, kama vile kitana cha plastiki ulichokisugua nywelani kinavyonasa vipande vya karatasi. Lakini hiyo 95 ni ya kitambaa. Ikiwa N95 haijaziba usoni, hesabu hiyo haikuhusu tena.

Jambo hili la kubana usoni si la leo. Mwaka 1910 na 1911 tauni ya mapafu iliua maelfu kwa maelfu ya watu Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China. Daktari mmoja kijana, Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, alisema ugonjwa unapita hewani kutoka mtu hadi mtu. Akatengeneza maski za pamba iliyofungwa ndani ya shashi, ncha zake zikafungwa nyuma ya kichwa ili ibane vizuri. Daktari Mfaransa, Gérald Mesny, hakukubaliana naye, akaingia kwa wagonjwa bila maski. Alikufa siku chache baadaye, Januari 1911. Baada ya hapo watu wengi walivaa maski bila kubishana.

KUVAA MASKI YA HOSPITALI

1. Nawa mikono kwanza. Shika maski kwa lastiki zake, si katikati.

2. Tafuta kiwaya. Upande wenye kiwaya ndio wa juu. Rangi iwe nje, nyeupe iwe ndani.

3. Vaa lastiki masikioni. Usizipinde zikapishana kama namba nane, maana hapo unafungua mashavu.

4. Vuta mikunjo: upande wa juu ufike kwenye mfupa wa pua, wa chini uingie chini ya kidevu chote.

5. Kandamiza kiwaya kwa vidole vya mikono yote miwili, ukianzia katikati ya pua kwenda mashavuni. Usikibane kwa mkono mmoja. Ukifanya hivyo kitatengeneza kona kali juu ya pua na kuacha mwanya huku na huku.

6. Lowesha nyuma ya mkono wako kwa maji, uuzungushe karibu na ukingo wa maski huku ukipumua kwa nguvu kidogo. Pale unapohisi ubaridi wa hewa, ndipo inapovuja.

Wengi watakuta inavuja mashavuni. Basi kuna mbinu mbili za kuisaidia, na zote hazina gharama kubwa.

Mbinu ya fundo. Kunja maski katikati kwa urefu wake, ukingo wa juu ukutane na wa chini. Kila upande, piga fundo kwenye lastiki karibu kabisa na maski yenyewe. Ifungue. Utaona pembeni kitambaa kimebaki kama kimfuko kidogo. Kichomeke kwa ndani ulaze bapa. Sasa ivae na ukandamize kiwaya. Mwenye uso mpana aangalie sana, kwa sababu fundo linaifanya maski iwe ndogo. Ikiwa haifiki tena chini ya kidevu, mbinu hii si yako.

Mbinu ya kitambaa juu. Vaa maski ya hospitali, halafu juu yake vaa maski ya kitambaa inayobana kiasi. Kazi ya kitambaa hapa ni kukandamiza ukingo wa ile ya ndani. Kuvaa maski mbili za hospitali hakusaidii, maana zote mbili zinavuja mahali pamoja. Na N95 isivaliwe na nyingine yoyote chini yake.

Je, mbinu hizi zina faida kweli? CDC ya Marekani walizijaribu Januari 2021 kwa kutumia sanamu za vichwa, moja ikitoa chembe na nyingine ikivuta pumzi, wakachapisha matokeo Februari. Maski ya hospitali bila fundo ilizuia kama chembe 56 kati ya 100 za kikohozi cha kuigiza. Ilipowekewa maski ya kitambaa juu yake, ikazuia kama 85. Na pale sanamu zote mbili zilipovalishwa maski zenye fundo, au maski mbili za namna hii, chembe zilizomfikia mvutaji zilipungua kwa zaidi ya 95 kati ya 100. Hayo yalikuwa majaribio ya maabara, si ya watu wa kweli sokoni, lakini funzo ni wazi: ni maski ileile ya bei ileile. Kilichobadilika ni mwanya.

KUVAA N95

Hii ndiyo ya mtu anayemhudumia mgonjwa wa TB ndani ya nyumba, hasa kabla ya dawa kuanza kufanya kazi, au TB ikiwa ni ile sugu.

1. Weka maski kiganjani, kiwaya kikiwa upande wa ncha za vidole, kamba zikining'inia chini.

2. Ilaze usoni, kidevu kiingie kwanza, halafu pua.

3. Kamba ya juu ipite kichwani ikae juu nyuma ya kichwa. Kamba ya chini ikae shingoni, chini ya masikio. Zisipishane. Na usiache moja ikining'inia eti inabana sana: bila kamba zote mbili hakuna N95.

4. Kandamiza kiwaya kwa mikono miwili.

5. Angalia kama kuna kitu kati ya maski na ngozi: nywele, ukingo wa kitambaa cha kichwa, hereni, ndevu. Toa.

6. Sasa ipime. Funika maski kwa viganja viwili bila kuikandamiza. Toa pumzi kwa nguvu. Ukihisi hewa machoni, rekebisha kiwaya. Ukiihisi mashavuni, rekebisha kamba. Halafu vuta pumzi ndani: maski iliyoziba hunyonywa kidogo kuelekea usoni.

Kipimo hiki ni cha kila mara unapoivaa, hata kama uliivaa jana. Ikiwa umejaribu mara kadhaa na bado inavuja, umbo hilo si la uso wako. Nyuso hatukupewa sawa. Tafuta umbo jingine au saizi nyingine, na kwa sasa mwachie mwenzako ambaye yake imeziba aingie.

Zipo N95 zenye kidude cha plastiki mbele, kama kifuniko cha chupa. Hicho ni mlango wa kutolea pumzi. Humkinga mvaaji, lakini hutoa pumzi yake nje bila kuichuja. Kwa hiyo mgonjwa asivalishwe hiyo.

MASKI PEKE YAKE HAITOSHI

Afrika Kusini, katika mkoa wa Mpumalanga, watafiti walitaka kujua kama maski ya kawaida ya hospitali akiivaa mgonjwa inasaidia. Walichukua hewa ya wodi ya wagonjwa wa TB sugu wakaipeleka kwa simbilisi, wanyama hawa hawa watoto wetu wanaowafuga. Simbilisi 90 walipata hewa ya siku ambazo wagonjwa walivaa maski, na 90 wengine hewa ya siku ambazo hawakuvaa. Matokeo yalichapishwa 2012. Siku za bila maski waliambukizwa 69. Siku za maski waliambukizwa 36.

Tuyasome matokeo hayo pande zote mbili. Maski ilipunguza hatari kwa zaidi ya nusu, na hiyo ni kazi kubwa kwa kitu chepesi namna ile. Lakini hao 36 nao waliambukizwa ingawa wagonjwa walivaa. Maski ya kawaida huvuja, na mgonjwa anayekohoa huitoa mara kwa mara. Kwa hiyo maski iende pamoja na haya:

Hewa. Fungua madirisha na milango, hasa ya pande zinazotazamana ili upepo upite. Upepo wa ziwa ni wa bure. Na bora zaidi, keti nje chini ya mwembe na mgonjwa wako.

Dawa. TB inatibika. Katika vituo vya serikali dawa zake ni za bure, na TB ya kawaida hutibiwa kwa miezi 6 hivi. Mgonjwa akimeza dawa zinazomfaa bila kukosa, uwezo wake wa kuambukiza hupungua haraka, mara nyingi ndani ya wiki mbili. Lakini anayesema sasa ni salama ni mhudumu wa afya, si jirani.

Kupima. Anayekohoa wiki mbili au zaidi, anayekonda, anayetoka jasho usiku, apelekwe kituoni. Kama hamjui pa kuanzia, mwoneni mhamasishaji wa afya ya jamii, yule tunayemwita nyamrerwa. Na kama mmoja wa nyumba amepatikana na TB, wengine wa nyumba hiyo nao wapimwe, watoto wakitangulia.

Tena kuna heshima. Mgonjwa akiona unaingia umejifunika na yeye hujamwambia kitu, atajiona kama mhalifu. Mwambie mapema, kwa upole: "Mama, tukae hapa nje penye upepo. Wewe vaa hii na mimi nimevaa yangu, ili mimi nami nisiwapelekee watoto wangu." Tumeona mara nyingi kwamba ukieleza hivyo mtu hakatai. Anayekatazwa bila kuelezwa ndiye anayekataa.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Miwani yangu inapata ukungu nikivaa maski. Nifanye nini? Ukungu huo ni pumzi yako inayopandia juu. Miwani inakuambia kwamba kiwaya hakijaziba kando ya pua. Kandamiza tena.

Nina ndevu. Kwa maski ya kawaida, ndevu huongeza mwanya. Kwa N95, ndevu zikipita chini ya ukingo hakuna kuziba kabisa, hata zile fupi zilizoota jana na leo. Anayetembelea wagonjwa wa TB achague: ndevu au N95.

Naweza kuifua? Maski ya kitambaa, ndiyo, kwa sabuni, na ikauke kabisa. Ya hospitali na N95, hapana. Maji na sabuni huziharibu, na spiriti huondoa ule umeme unaonasa chembe. Maski ya hospitali ikilowa au kuchafuka, tupa. N95 inaweza kuvaliwa na mtu yuleyule zaidi ya mara moja ikiwa ni kavu, safi, kamba hazijalegea na bado inaziba. Ihifadhi ndani ya mfuko wa karatasi wenye jina lako, si wa plastiki, maana plastiki hufungia unyevu.

Naweza kumwazima mwenzangu? Maski haiazimwi, hata kwa dakika tano.

Inanikaba pumzi. N95 iliyoziba vizuri huifanya pumzi iwe nzito kidogo. Hiyo ni dalili kwamba hewa inapita kwenye kitambaa. Lakini mwenye pumu au ugonjwa wa moyo aulize mhudumu wa afya kwanza. Ukisikia kizunguzungu, toka nje uivue.

Na watoto? Mtoto chini ya miaka 2 asivalishwe maski kamwe, anaweza kukosa pumzi na asiweze kuivua. Wa chini ya miaka 5 asilazimishwe. Kinga yao ni hewa safi na mkubwa anayekohoa kutibiwa.

Sisi akina mama tunaokausha mbuta kwa moshi, maski itatusaidia? Ya hospitali ni kidogo sana. N95 iliyoziba hunasa masizi, lakini gesi ya moshi inapita. Kwa moshi, jambo la kwanza ni kuhamisha jiko penye upepo na kukaa upande ambao moshi hauji.

KIKUNDI KIFANYE NINI

Katika mkutano wenu ujao tengeni nusu saa. Leteni kioo kimoja, beseni la maji, na kila mtu maski yake. Gawanyikeni wawili wawili. Mmoja avae, mwenzake aangalie pua, mashavu na kidevu, halafu wabadilishane. Wajaribu fundo, kisha wapime tena kwa mkono uliolowa. Msicheke anayekosea, kila mtu atakosea mara ya kwanza.

Kama mna mfuko wa kikundi, msinunue maski nyingi za kumpa kila mtu. Hesabuni kwanza ni nani hasa anaingia nyumba za wagonjwa, na ni nyumba ngapi zina mtu anayekohoa. N95 chache kwa wanaohudumu, zilizojaribiwa nyusoni mwao kabla ya kununuliwa kwa wingi, zina faida kuliko boksi zima lisilowaziba. Maski za kawaida ziwe za wagonjwa wenyewe. Ulizeni pia kwenye kituo chenu cha afya kabla ya kutoa pesa, kwa sababu pengine wanaohudumia wagonjwa wa TB hupewa. Mwekeni mtu mmoja wa kuzitunza mahali pakavu, mbali na panya na mvuke wa jikoni.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku kwetu ufa huo uko kando ya pua, na kuuziba ni kazi ya vidole viwili.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu ni nani anayetembelea au kuhudumia watu wanaokohoa? Ana maski gani, na imewahi kupimwa kama inaziba?

2. Ni nyumba ngapi kijijini ambazo madirisha yake hayafunguki? Tunaweza kusaidiana kufungua lipi mwezi huu?

3. Tunamwambiaje mgonjwa avae maski bila kumwaibisha? Wawili waigize, wengine waseme walichosikia.